Caution, Warning, na Jina ya Papa Ramazani

Banakazi benzangu benye munabakia mu biro ya traduction, ya kutafsiri, na mu atelier ya kutengeneza makamio, zile lori za kubeba majiwe, miye nimetoka. Banasema ni retraite. Niko na miaka makumi tano na saba, meno yangu yote iko, macho inasoma bila miwani, lakini ku biro banasema nimechoka. Basi, nimechoka. Mulinifanyia fête na limonade na biskuti, mulinipa kikwembe muzuri, na shefu mupya akatoa discours, hotuba yenye ingeweza kutolewa ku ndoa ao ku kilio, bila kubadirisha neno. Kisha mumoja wenu akaniambia: «Mama Numbi, utuandikie namna kazi ilikuwaka ile wakati.» Basi, hadisi njo hii. Mushahara na ma-grade ya cheo sitasema: ya kwanza ilikuwa kidogo, ya pili haikukuya. Nitasema juu ya maneno mbili ya Kingereza, na juu ya muzee mumoja mwenye balitia jina yake mu karatasi mubaya, ati aliua muntu. Hakuua.

Niliingiaka mu kazi na batoto babili na mimba ya tatu. Baba yangu alikuwa muntu ya reli kule Kabalo, alinifundisha bintu mbili: kusali na kuamuka mapema. Balinipa mashini ya kuandika yenye letre R ilikuwa imekufwa. Nilikuwa naacha fasi, kisha natia ma-R yote na kalamu, moja moja. Siku ya kwanza niliandika barua tatu. Shefu akaangalia, akaniita mwananchi, namna tuliitana ile wakati: «Citoyenne, una mwandiko muzuri.» Ya mashini hakusema kintu. Ilibakia vile miaka mbili.

Kila asubui, mbele ya kugusa ata kalamu, tulisimama mu kiwanja ya atelier, tukaimba na kucheza juu ya Parti, ile chama moja ya inchi, na Mukubwa wa inchi. Mumoja anapaza kwa nguvu neno ya Parti, benzake banaitika, biuno inazunguka. Mwenye kucheza bubaya, jina yake iliandikwa. Miye nilicheza na mimba yangu, rozari mu mufuko ya robe, nikimwambia Bikira Maria asiangalie upande yetu kwa dakika kumi. Kisha, njo tulianza kazi. Muikumbuke ile kuitikia, sababu iliingia mu kazi na ikaharibu.

Kisha makamio ya mupya ikakuya kutoka Amerika. Ilikuwa mukubwa kama nyumba, na benne nyuma, ile sanduku ya chuma ya kubeba majiwe yenye inainuka yulu kwa kuyamwanga chini. Vitabu yake ilishukia ku kiwanja ya ndege ya Luano mu masanduku, yote Kingereza. Citoyen Shefu, ule wa zamani, mwenye shati yake ilikuwa kila siku imenyooshwa vizuri kupita kazi yake, akatuuliza mu biro: «Nani anajua Kingereza?» Banaume benye diplome balikuwa banaangalia viatu. Miye nilisema: «Sijue, lakini nitajifunza.» Balicheka. Nilikuwa nimesoma masomo ya primaire tu, na ingine yote nilitafuta mu masomo ya magaribi.

Mwalimu alikuwa Ba Mulenga, muntu ya upande ya Zambia, alifundisha mu salle moja ya paroisse, pale kanisani. Nilifika na mutoto ku mugongo. Mutoto akilia, Ba Mulenga anasema: «Ule anajua accent ya Kingereza kukupita.» Kwa mwaka moja na nusu nilisoma vile, na mu biro nilianza kutoa ma-fiche: karatasi ya kikarto, moja kwa kila kazi ya kamio, yenye kuonyesha nini ya kwanza, nini ya pili. Chini ya kila moja nilipiga jina yangu: kwamba ni miye nilitafsiri. Nilikuwa na majivuno, tuseme kweli.

Fiche zilikuwa za Papa Ramazani. Alikuwa kapita, musimamizi ya mécaniciens, bafundi ya makamio, muntu ya Maniema, Mwislamu ya kufunga na ya kusali, mikono yake myeusi na mafuta ata siku ya Idi. Kifaransa hakusoma. Asubui nilimusomea fiche mara tatu, kisha alisimama mbele ya équipe, bafundi yake, na kuisema yote kwa kichwa, bila kuruka neno. Yeye njo alinifundisha kazi. Siku moja nilimuletea fiche ya freins, ya breki, akasikiliza, akauliza: «Mwanangu, hii kintu uliigusa?»

«Hapana, Papa. Niliisoma.»

«Kuya.»

Akanipeleka chini ya kamio na robe yangu ya biro, akakamata mukono yangu, akaitia ku chuma. «Hii njo ile neno yako. Usitafsiri kintu haujagusa.» Nilirudi ku biro na mafuta mpaka ku kiwiko. Citoyen Shefu akaniuliza kama nilianguka. Banakazi benzangu, hii njo shauri yangu moja ya kazi: mutafsiri na mikono muchafu.

Sasa ile maneno mbili. Mu vitabu ya Kingereza, fasi zingine ilitiwa mu kisanduku neno caution, fasi zingine warning. Dictionnaire yangu ya Kifaransa ilinipa kwa yote mbili neno moja: attention, angalia. Nikawaza bazungu banapenda kusema kintu moja mara mbili, kama padri ya muzee. Nikatia ATTENTION kila fasi. Fiche makumi ine nilimaliza vile. Kisha, mu masomo, nikauliza Ba Mulenga kwa kuuliza tu.

«Awe, mama!» akasema. «Si moja. Sikia. Unabeba nyungu ya mayi ku kichwa, njia inateleza. Nitakuambia nini?»

«Angalia.»

«Juu ya nini?»

«Nyungu itapasuka.»

«Ile njo caution. Sasa nyoka iko mu majani, unaenda kuikanyaga. Nitakuambia nini?»

«Angalia!»

«Nyungu itapasuka?»

«Nyungu gani? Nitakufwa!»

Bote bakacheka. Akasema: «Ile njo warning. Ya kwanza unaweza kununua nyungu ingine. Bantu ku njia banachanganya, ata Baingereza. Lakini mu kitabu ya mashini habachanganye. Rudi ku ukurasa ya kwanza, utakuta.»

Ukurasa ya kwanza miye nilirukaka. Nilizania ni salamu. Kesho yake niliifungua, na pale pale iliandikwa: wapi unaona caution, mashini inaweza kuharibika, wapi unaona warning, muntu anaweza kuumia ao kufwa. Nilikala. Mu fiche yangu makumi ine, chuma na muntu ilikuwa na bei moja.

Nikaenda kwa Citoyen Shefu. Nikamuomba tutie maneno mbili: MASHINI ITAHARIBIKA ku moja, MUNTU ATAKUFWA ku ingine. Akasoma, akaweka kalamu.

«Citoyenne Mama Numbi. Unataka kila asubui kapita asome kufwa, kufwa, kufwa mbele ya banakazi? Hapa ni atelier ya État, ya serikali. Hatufwe hapa.»

«Shefu, kitabu yenyewe...»

«Kitabu haiko militant ya Parti. Attention inatosha.»

Nikarudi juma ya pili. Akaniambia karto imeisha. Wakati ile, miye na Papa Ramazani tulikuwa tumeanza kwa siri: kila fasi ya warning, tulitia musalaba mweusi na kalamu ya mukaa, na nilimusomea tena, naye alitia mu kichwa. Alicheka: «Mwislamu kapita na misalaba yake.» Tulifika fiche ya kumi na mbili. Shefu akaona. Akauliza kama sasa atelier ni kanisa. Nikaenda mara ya tatu, nikasimama mbele ya meza yake, nikasema kwa sauti: «Shefu, siku moja muntu atakufwa juu ya hii.» Akasema: «Futa.» Nikafuta. Na gomme ya kufutia, moja moja, fiche kumi na mbili, na ingine makumi mbili na munane sikugusa tena. Nilisali juu yake, novena muzima. Kusali nilisali. Kufuta vilevile nilifuta.

Na mu kiwanja sasa, ile kuitikia. Kila fiche ilikuwa na Attention tano, sita, munane. Papa Ramazani akisema «Attention!», banaume banaitika «Attention, eee!» na kiuno inazunguka, sawa ku zile nyimbo za Parti za asubui. Ilianza kama michezo ya kijana moja wa soudure, wa kuunga machuma, kisha ikawa desturi. Papa Ramazani aliikataza, balimuheshimu siku mbili. Neno yenye inaimbwa, hakuna mwenye anaisikia tena. Ata miye, ku dirisha ya biro, nilikuwa napiga kidole ku meza.

Kisha bakubwa ya Parti bakatangaza batakuya kuona makamio. Tatu ilipashwa kupangwa mbele ya mulango mukubwa saa sita. Moja ilikuwa inamwanga mafuta ku tuyau, ule mupira ya kupitisha mafuta, chini ya benne. Citoyen Shefu akafika mu kiwanja na shati yake, miye nilikuwa pale na fiche mu mukono, sababu nilikuwa nimemaliza kumusomea Papa Ramazani.

«Papa Kapita, lelo ma-Attention turuke. Inakula saa. Mashini ni mupya, itavumilia.»

«Yote, Citoyen Shefu?»

«Yote.»

Papa Ramazani akaniangalia. Mu fiche ya benne, yenye hatukuifikia na misalaba, Attention ilikuwa sita. Tano zilikuwa za mashini: mafuta, moteri, joto. Moja ilikuwa ya muntu: kwamba muntu asiingie chini ya benne yenye iko yulu kama ile ndodo, fimbo ya chuma ya kuikamata, haijatiwa. Kwa makamio ya zamani balikuwa banatia muti munene. Hii ya ndodo ilikuwa mupya, banaume habakuizoea. Miye nilijua ni gani kati ya sita. Kati ya bantu yote mu kiwanja, ni miye mumoja nilijua kwa kitabu. Shefu alikuwa karibu yangu kama meza hii. Nikawaza: nilisema mara tatu, balinikataza mara tatu. Nikakunja fiche.

Kasongo, mécanicien ya miaka makumi tatu, baba ya batoto bane, muntu ya kucheka, akaingia chini kufunga tuyau. Alitoka akiimba «Attention, eee» kwa kuchekesha benzake, akaingia tena. Ndodo ilikuwa imetundikwa ku fasi yake, rangi yake haijakwaruzwa. Tuyau ikapasuka. Benne ikashuka. Sitaandika ingine. Bakubwa ya Parti balipelekwa kuona biro.

Commission ya kuchunguza ikakuya, banaume batatu na meza moja. Balituita pamoja: Citoyen Shefu, Papa Ramazani, miye. Nani alisema fiche ile asubui? Papa Ramazani. Aliisema yote? Hapana. Juu ya nini? Papa Ramazani akasema: «Balisema turuke.» Nani? Citoyen Shefu akasema alikuwa amesema juu ya mafuta tu, na kapita ya miaka makumi mbili mu kazi anapashwa kujua. Kisha mumoja wa commission, mwenye alisoma Kingereza kidogo, akatia kitabu na fiche pamoja. Akauliza: «Huku kuna maneno mbili. Huku moja. Nani aliyafanya moja?»

Ile wakati bwana yangu alikuwa amekwisha kufwa. Nilikuwa na batoto batano mu nyumba ya kampani, na nyumba ilikuwa mu jina ya kazi yangu. Nilikamata rozari mu mufuko. Nilisimama, ile ni kweli, nilisimama. Lakini Papa Ramazani akakohoa, akanitangulia kusema:

«Ni miye niliomba. Kichwa ya muzee, maneno mbili ingenichanganya. Nilimwambia huyu mama atie moja.»

«Ni kweli,» Citoyen Shefu akasema mbio.

Muntu ya commission akanigeukia. «Citoyenne, ni kweli?»

Nilimwangalia Papa Ramazani. Aliangalia mikono yake. Nikasema: «Ndiyo.»

Mara tatu nilisemaka kweli, na hakuna mwenye aliiandika. Mara ya ine nilisema bongo, uwongo, na bakaiandika.

Balimufukuza Papa Ramazani: faute lourde, kosa kubwa ya kapita, imekwisha. Mu nyumba ya kampani bakamutoa na bibi yake na vyungu yake mu juma moja. Siku ya kumaliza kilio ya Kasongo alifika na kanzu ya mweupe, akabaki ku barabara. Bibi ya Kasongo akamuona, akasimama katikati ya bamama: «Muuaji! Ulikuya kuhesabu batoto?» Miye nilikuwa pale ndani, nasonga bukari ya kilio. Sikuacha mwiko. Muzee akageuka, akaenda na miguu.

Kisha miezi mbili, Citoyen Shefu akatoa note, tangazo: kuanzia sasa, mu atelier yote, maneno mbili, rangi mbili, nyekundu ya muntu na manjano ya mashini. Wazo yake. Bakubwa ya Parti balimusifu. Ni miye nilipiga ile note ku mashini. Zile fiche za rangi munatumika nazo mpaka lelo, na zinafanya kazi, siwezi kusema hapana. Hakuna mwenye alikufwa tena chini ya benne.

Nikaenda Naviundu, kule Papa Ramazani alikuwa anatengeneza mapompe na mastovu ya petroli. Nikaanza kulia ku mulango.

«Mwanangu, machozi inatia kutu. Kamata hapa,» na akanipa upande ya pompe.

Nikakamata. Nikauliza: «Papa, juu ya nini ulifanya vile?»

«Batoto yako ni ngapi?»

«Batano.»

«Ya kwangu banakula kwa mikono yao.» Akakaza vis ya pompe. «Na ungeenda wapi na batano? Kwa Ba Mulenga?» Akacheka. Miye sikucheka. Kisha akaacha kucheka naye.

«Kintu moja nakuomba. Ule bibi ya Kasongo. Siku moja umwambie. Si lelo. Siku utatoka mu ile nyumba, siku habawezi tena kukutoa. Sipendi nife mu kinywa yake vile.»

Lakini alikufwa vile. Miaka sita mbele ya retraite yangu, na ugonjwa ya kifua. Balimuzika siku ile ile, namna yao. Nilifika, udongo ilikuwa imekwisha kurudi.

Ku confession nilisema yote. Padri akanisamehe ku jina ya Mungu, na ninaamini, sina mashaka. Lakini miaka yote nilirudi ku kazi kila asubui, nikatafsiri na mikono muchafu, nikapita mbele ya armoire, kabati yenye karatasi ile ya commission iko ndani, na haikubadirika.

Juma iliyopita nilirudisha funguo ya nyumba, nikahamia Kasungami, ku lupango yangu, nyumba ya kwangu mwenyewe. Bintu ilikuwa ingali mu magunia, nikaenda kwa bibi ya Kasongo. Ni muzee sasa kama miye. Alikuwa anachambua maharagi. Nikamwambia yote, pole pole, kama fiche: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maneno mbili. Musalaba yenye nilifuta. Muzee mwenye alisema bongo kwa ajili ya batoto yangu, na miye mwenye nilisema ndiyo. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza sahani, akasema:

«Ule muzee nilimulaani kila siku mu sala. Kila siku, Mama Numbi. Ata siku alikufwa niliimba. Sasa nitamuambia Mungu nini?»

Akaniambia: «Toka. Utarudi, lakini lelo toka.»

Nikatoka. Nikarudi na kukala, na kuandika hii.

Mu armoire ya chuma ku biro ya zamani, rafu ya chini, iko dossier ya commission, ya rangi ya kahawia, ya ile siku. Mulango inakaza, muvute kwa nguvu. Ku ukurasa ya mwisho mutaona: «Responsable:», mwenye kosa, na jina ya Papa Ramazani. Mukamate kalamu ya wino, si ya mukaa, mukate ile jina. Mutie ya kwangu, na chini yake ya Citoyen Shefu. Ya kwangu mbele. Yeye hakujua ni Attention gani kati ya sita.